Nyumba ya Milango Miwili na Mtaro Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Gomesi ya saba imekwisha. Zimebaki kumi na saba. Mabega yaliyochongoka ya gauni hili refu la Kiganda yamenitesa kama kawaida. Mkanda wa ile ya sita niliukata mfupi, nikauunga kwa ndani. Mama Mchungaji hataona. Akiona nitamwambia ni fasheni.

Kina mama wa kanisa wanazitaka zote ishirini na nne Jumapili ya Pasaka. Rangi moja, zambarau. Kitambaa walinunua wenyewe, wakakikabidhi mikononi mwangu mbele ya madhabahu, kana kwamba nakabidhiwa mtoto. Nikiharibu hata moja nitahama mji. Sijui nitahamia wapi, maana nyumba yangu tayari iko nchi mbili.

Leo asubuhi cherehani ilikuwa Uganda kwa sababu ya mwanga. Mchana nimeivuta Kenya, kwenye kivuli. Hatua nne.

Gari la kipaza sauti limepita. Ada ya mitaro inapanda, pande zote mbili za mpaka. Baraza Alhamisi. Watu wa mtaa wameguna. Mimi nimeendelea kukanyaga cherehani.

Kila tangazo la ada hunikumbusha marehemu Wandera wangu. Alivusha watu mpakani kwa baiskeli maisha yake yote, akaona jinsi kila geti lilivyokuwa na mkono ulionyooshwa. Alipojenga, akajenga juu ya mpaka wenyewe, kwa makusudi. Mlango wa mbele Uganda, wa nyuma Kenya. Akachora mstari mwekundu sakafuni, katikati, akaufunika na mkeka. Akaniachia sheria moja. Wakigonga mbele, sema wewe ni wa nyuma. Wakigonga nyuma, sema wewe ni wa mbele. Miaka kumi na tisa sijalipa hata ada ya takataka.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda barazani. Kusikiliza tu. Umbea hauna ada.

Mambo yenyewe ni haya. Miji yetu miwili imekubaliana kuchimba mtaro mmoja mkubwa, kuanzia sokoni huku juu Uganda hadi kwenye kinamasi kule chini Kenya. Kila upande utachimba kwake na kutoza watu wake. Na ada itafuata paa. Ofisa wa upande wa Uganda, msichana mrefu anaitwa Amoding, mtu wa Merikit, alieleza polepole. Paa lako ndilo linalomwaga maji barabarani. Mwenye mabati mengi anamwaga mengi, atalipa zaidi. Mwenye nyumba ya nyasi hatalipa.

Mwenye kinu cha unga akasimama kwa hasira. Mvua analeta Mungu, akasema, sasa ninyi mnatutoza kwa kazi ya nani?

Amoding akamjibu: "Mzee, Mungu analeta. Kuondoa ametuachia sisi."

Watu walicheka mpaka mwenye kinu akakaa. Hata mimi nimecheka, na sikutaka.

Jirani yangu Othieno, fundi viatu kutoka Iyolwa, akasimama kuunga mkono. Alijua nilikuwa nimekaa nyuma yake, akaongeza sauti makusudi. Yeye ana sababu. Mwaka jana maji yaliingia kibandani kwake yakaondoka na viatu vya wateja. Vya kushoto vyote, maana ndivyo alivyokuwa amevishusha chini. Hadi leo kuna watu mjini wanaomsalimia kwa kumwuliza mguu wao uko wapi.

Kwangu mwaka jana yaliingia kidogo tu. Yalitapakaa mtaa mzima, kila mtu akapata lake. Nilipiga deki nikaendelea na kazi.

Jumamosi, 8 Machi

Mwenye kinu ameezeka nyasi juu ya mabati yake. Vibarua wanne, siku nzima. Anasema wakija kuhesabu watakuta nyumba ya nyasi.

Saa kumi mbuzi wa jirani wamepanda kupitia ukuta wa nyuma. Wamekula upande mmoja wote. Mwenye kinu alikuwa chini akirusha mawe, kila jiwe likipiga bati, paa! paa! mtaa mzima ukisikia nyumba ya nyasi inavyolia. Sijacheka hivi tangu Krismasi. Mbavu zinauma.

Gomesi ya tisa.

Jumanne, 11 Machi

Wamegonga mbele. Amoding, na kitabu kikubwa.

"Shikamoo mama. Mimi nakuja kuhesabu mabati."

Nikamwambia karibu mwanangu, lakini mimi ni wa Kenya, nalipa kule. Nikamwonyesha cherehani ilipo. Ilikuwa Kenya, namshukuru Mungu, maana mwanga ulikuwa umehama. Akaangalia mlango wa mbele, akaangalia wa nyuma, akaandika kitu. Ana macho makali. Nimempa chai.

Ijumaa, 14 Machi

Wamegonga nyuma. Kijana wa kaunti, Barasa, shati jeupe, viatu vya kuchongoka visivyofaa mji wenye tope.

"Mathe, habari ya wewe? Nimetumwa juu ya ile story ya mitaro."

Mimi wa Uganda, mwanangu. Waulize mbele. Akasema sawa mathe, hakuna noma, akala chapati tatu. Kazi imekwisha kwa dakika kumi. Wandera angefurahi.

Othieno ameona yote akiwa ng'ambo ya barabara. Amekuja kuniambia kwamba njia ya mwongo ni fupi. Nikamwambia yangu ina milango miwili. Akaenda zake akitikisa kichwa. Anafikiri kwa kuwa ni mjane nahitaji kuhubiriwa. Namchukia akitikisa kichwa vile.

Jumatano, 19 Machi

Ebo! Miaka kumi na tisa milango hii haijawahi kugongwa kwa pamoja. Leo imegongwa kwa pamoja.

Nilikuwa nimesimama katikati na pasi mkononi. Mbele, ngo ngo ngo. Nyuma, ngo ngo ngo. Sheria ya Wandera haikusema lolote juu ya siku kama hii. Nikafungua wa mbele. Amoding. Kabla sijasema neno, Barasa akaingia mwenyewe kwa nyuma. Wakatazamana. Kumbe walikuwa wanapima njia ya mtaro, kila mmoja kutoka kwake, wakakutana sebuleni mwangu.

"Huyu mama ni wako," akasema Amoding. "Yeye mwenyewe aliniambia."

"Wangu? Aliniambia ni wako!"

Nikaweka chapati mezani haraka. Zilisaidia kidogo. Wakafunua mkeka, wakaona mstari mwekundu. Barasa akapiga mluzi. Nilitaka ardhi inimeze, nikawa sijui upande gani wa ardhi.

Nilifikiri watanigombania. Wakatoka nje, wakachoma chuma ardhini hapa na pale. Kila mahali, ko, ko. Nikasikia neno mwamba. Wakanong'ona. Waliporudi, mambo yalikuwa yamegeuka kabisa. Sasa kila mmoja alikuwa ananisukuma kwa mwenzake, kwa heshima nyingi, kama wageni na kipande cha mwisho cha nyama. Chukua wewe. Hapana, chukua wewe. Mwisho wakakubaliana. Amoding akapiga mstari juu ya jina langu. Barasa akapiga wake. Nje ya eneo. Silipi popote.

Wameondoka kwa mlango mmoja, wakicheka. Nimeona Barasa akimbebea kitabu.

Alhamisi, 20 Machi

Nimenunua nyama nusu kilo. Nimekula peke yangu kwa raha zangu. Nimemwambia Wandera kwa sauti, hapa mezani, kwamba tumeshinda nchi mbili.

Othieno, nilipomsimulia, hakupongeza. Akasema serikali ikikuacha bila kelele, uliza kwa nini. Wivu. Yeye ana mabati manane na atalipia yote.

Gomesi ya kumi na mbili. Nusu ya kazi. Moyo mweupe.

Jumatatu, 24 Machi

Wanachimba. Upande wa Uganda mtaro umeshuka kutoka sokoni, mpana, saruji safi ubavuni. Umepita mbele ya kibanda cha Othieno, ukapinda vizuri, ukaja moja kwa moja kwangu. Hatua tatu kutoka mlango wa mbele, vibarua wakaweka sururu begani wakaenda nyumbani.

Upande wa Kenya mtaro unaanzia hatua tatu kutoka mlango wa nyuma. Nao umeteremka hadi kinamasi.

Nimewauliza wa Uganda mbona wameishia hapa. Wakasema ramani imeishia hapa. Nimewauliza wa Kenya mbona wameanzia hapa. Wakasema ramani imeanzia hapa. Vizuri. Wameniepushia vumbi la saruji. Kitambaa cha gomesi hakitaki vumbi.

Ijumaa, 28 Machi

Othieno amenipa zawadi. Gambuti, viatu virefu vya mpira. Nyeusi, kuukuu, amezitia viraka mwenyewe. Saizi yangu. Nimemwuliza za nini. Akatazama mwisho wa mtaro, akatazama mlango wangu, akasema Pasaka njema mapema.

Nimezitupa chini ya kitanda. Mtu mzima na akili zake ananichimba kwa viatu!

Manyunyu kidogo jioni. Mkeka wa mbele umelowa. Nimeuanika. Si kitu.

Jumatatu, 31 Machi

Mawingu upande wa ziwa, meusi. Joto la kukaba. Gomesi kumi na tisa zimetundikwa kwenye kamba sebuleni, toka ukuta hadi ukuta. Nzuri mno. Nikizitazama nasahau mgongo. Mkeka bado haujakauka.

Jumanne, 1 Aprili

Naandika nimekaa juu ya meza. Miguu iko kwenye kiti. Kiti kiko kwenye maji.

Saa nane mchana mbingu ilifunguka. Maji yote ya soko, ya mapaa yote, ya kila mtu aliyelipa, yaliingia katika mtaro ule mpya. Ukayabeba kwa mbio, haukumwaga hata tone kwa Othieno. Ukayafikisha mwisho. Hatua tatu. Yakaingia kwangu. Hayakubisha hodi.

Yalipita chini ya gomesi, yakavuka mstari wa Wandera bila kusimama, yakagonga mlango wa nyuma. Nikafungua mwenyewe. Ningefanyaje? Nikafungua, yakatoka, yakaruka ndani ya mtaro wa Kenya yakaenda zake. Nikasimama pale nimeshika komeo, maji magotini, ndipo nikaelewa. Mtaro una kipande kimoja kinachokosekana katikati. Kipande hicho ni nyumba yangu. Mimi ndiye mtaro.

Mtaa mzima ulisimama ng'ambo, wakavu, wakitazama. Mwenye kinu akapaza sauti: "Nafula! Yatoze ushuru wa kupita!" Wakacheka. Stahili yangu, maana niliwahi kumcheka siku ya wale mbuzi.

Othieno hakucheka. Alikuja na maji kiunoni, maana mlangoni palikuwa na shimo. Tukapandisha gomesi kwenye boriti za paa, moja moja, yeye juu ya meza, mimi chini nikimpa. Kumi na saba zimepona. Mbili zilianguka. Moja nimeidaka kabla haijavuka mpaka. Ya pili tumeikuta kwenye mtaro wa Kenya, imenasa kwenye jiwe, mikono imenyooshwa kama mtu anayeomba msaada.

Kandambili yangu ya kushoto imekwenda. Othieno akasema karibu chamani.

Nimempigia Amoding. Akasema mama, leo tarehe moja, siku ya kudanganyana, mimi sidanganyiki. Halafu akasema, tena wewe uko Kenya. Nimempigia Barasa. "Mathe, lakini wewe ni wa Uganda. Si ulisema mwenyewe?"

Nilisema mwenyewe. Ndiyo. Nimelia. Nimemkasirikia Wandera kwa mara ya kwanza tangu nimzike kule Masaba. Milango miwili, kumbe maji nayo yanapenda milango miwili.

Jumatano, 2 Aprili

Tope hadi kwenye sufuria. Chura ndani ya cherehani. Nimemtoa kwa mti, ameruka upande wa Uganda.

Nimezifua zile gomesi mbili. Moja imerudi kama mpya. Nyingine mkanda umebaki na doa la tope, haitoki kwa sabuni yoyote. Na bado tano sijazianza. Pasaka siku kumi na nane. Mvua, wanasema, ndiyo kwanza inaanza.

Gambuti zimenitosha vizuri sana. Sitamwambia.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimekwenda ofisini Uganda. Foleni ndefu ya watu wanaolalamika kwamba wamehesabiwa mabati mengi mno. Mwenye kinu alikuwa wa tatu, na picha ya mbuzi juu ya paa kama ushahidi. Zamu yangu ikafika. Karani bila kuinua macho akauliza, unalalamika nini?

Nikasema nataka kulipa.

Akainua macho. Akaniuliza kama nimekula. Akamwita mwenzake aje anione. Foleni nzima ikanigeukia. Mwenye kinu akasema maji yamemwingia kichwani.

Wakatafuta jina. Limepigwa mstari. Ili walirudishe, wanataka barua kutoka Kenya kwamba mimi si wa kule. Nikavuka. Ofisi ya Kenya wamenipokea vizuri, wamenipa kiti. Ili waandike barua kwamba mimi si wao, wanataka barua kutoka Uganda kwamba mimi ni wa huko. Nikavuka tena. Uganda wakasema Kenya waanze. Nikavuka tena. Kenya walikuwa wamekwenda kula.

Mguu wa gambuti umetoka lengelenge.

Ijumaa, 4 Aprili

Usiku kucha nilikuwa nawaza mstari ule uliopigwa juu ya jina langu. Asubuhi nimewapigia wote wawili, Amoding na Barasa, nikawaita chai. Wamekuja pamoja, kwa mlango mmoja. Wakakanyaga tope langu.

Nikawaambia ukweli, na sikujua kama utaniuma vile. Nikasema miaka kumi na tisa nimewadanganya nyote, ninyi na waliokuwa kabla yenu. Nimetumia barabara za pande mbili, soko la pande mbili, nikalipa pande sifuri. Sitaki barua. Niandikeni nyote. Nusu paa huku, nusu kule. Nitalipa ada zote mbili. Mpasue huo mwamba kabla gomesi za watu hazijaoza.

Barasa akakuna shingo. Akasema mathe, sisi ndio tulikuacha kwa sababu ya jiwe, tulijua maji yatakuja. Amoding akatazama chini. Akasema, "Tulifanya vibaya, mama. Mimi nilijua, na nilikula chapati yako."

Nilitaka kuwafokea. Nilikuwa na maneno tayari, ya Kisamia, mazito. Nikaona msichana ana machozi. Nikamwongeza chai.

Jumatatu, 7 Aprili

Wamehesabu paa. Mabati thelathini na moja. Kumi na tano yako Uganda, kumi na tano Kenya. Moja limelala juu ya mstari kabisa.

Saa nzima bati hilo! Amoding juu ya ngazi ya mbele, Barasa juu ya ngazi ya nyuma, wamelala kifudifudi juu ya paa langu na futi kamba kati yao. Linaelekea wapi? Maji yake yanadondoka upande gani? Wakamwaga kikombe cha maji katikati waone. Yakadondoka pande zote mbili. Wakamwaga kingine.

Nikapaza sauti kutoka chini: andikeni pande zote! Nitalilipia mara mbili, shukeni mtaliponda!

Wakashuka, lakini si haraka. Amoding, akipangusa magoti, ameniuliza kama nashona pia gomesi za utambulisho, za siku ya kumleta mchumba kwa wazazi. Nimemwambia nashona. Barasa alikuwa anaangalia futi kamba kwa makini sana.

Mistari waliyopiga juu ya jina langu wameifuta. Jina langu lipo pande mbili. Nimejisikia ajabu. Kama kuvuliwa nguo, halafu kuvalishwa nyingine kavu.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo ilikuwa siku ngumu.

Mwamba wa mbele ya nyumba hauvunjiki kwa sururu. Lakini ubavuni, upande wa kusini, ni laini. Mtaro unaweza kuzunguka pale. Pale ndipo kilipo kibanda cha baiskeli ya Wandera.

Sijakifungua tangu mazishi. Msimamizi wa vibarua alisubiri kofia mkononi. Nilisimama na funguo nikashindwa. Nikawaambia waende wakale kwanza. Wakaenda. Othieno akaja, hakuhubiri. Hakutikisa kichwa. Akaufungua yeye mlango.

Iko vilevile. Kiti cha nyuma cha abiria bado kina mto niliomshonea, wa kitambaa cha maua. Buibui kwenye kengele. Othieno akaitoa polepole, akapangusa usukani kwa aproni yake ya ufundi. Matairi yamekwisha hewa. Nikaiingiza ndani mwenyewe. Sikujua niiweke wapi.

Saa tisa kibanda kilikuwa hakipo. Vibarua wa Uganda walichimba kutoka juu, wa Kenya kutoka chini. Wakakutana ubavuni mwa chumba changu cha kulala, mitaro ikapishana kwa urefu wa mkono mmoja. Kila upande ukasema mwenzake ndiye amepinda. Wakaunga kwa kona. Nimewapikia wote.

Gomesi ya ishirini na mbili, kwa mwanga wa jioni. Macho yanawaka.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka.

Gomesi ishirini na nne. Zote. Kina mama waliingia kanisani mstari mmoja, mabega yamechongoka, zambarau tupu, wakitembea pole kama wanajua wanatazamwa. Nililia bila aibu. Pua pia.

Mmoja wao hakuwa amekuja kupimwa tangu mwanzo; ni mzee, amelazwa hospitali Tororo. Mama Mchungaji akasema yake nivae mimi, basi. Nikachagua ile yenye doa. Nimeifunga mkanda doa likiwa ndani. Hata hivyo Mama Mchungaji ameniuliza, mbona mkanda wake yeye una mshono? Nikamwambia ni fasheni. Akasema anajua si fasheni. Akanikumbatia.

Othieno alikaa safu ya nyuma na viatu vinavyong'aa. Vyote viwili, nimeangalia.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua kuanzia saa saba. Kubwa kuliko ile.

Nimezima redio. Nimekaa. Maji yamekuja kutoka sokoni, nimeyasikia yakipita kwa Othieno, yakizunguka ubavuni, yakisita kidogo pale kwenye kona, kisha yakiteremka. Mkeka mkavu. Nimeuweka mkono chini mara mbili kuhakikisha.

Asubuhi Amoding alibandika namba kwenye mlango wa mbele. Barasa akabandika yake kwenye wa nyuma. Nyumba isiyokuwa na namba miaka kumi na tisa sasa ina mbili. Risiti nimezipachika ukutani, moja kila upande.

Baiskeli nimeiweka katikati ya sebule. Gurudumu la mbele liko Uganda, la nyuma liko Kenya. Othieno amezitia pumzi tairi zote mbili, akaenda kazini kwake kabla mvua haijaanza. Nimepiga kengele mara moja. Bado inalia.